Prado 150, njia ya Ngare Sero hadi Loliondo: tairi gani zinahimili mawe?

mpimaji_nyikani

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa tairi. Gari ni Prado 150 ya dizeli, rimu za 17, tairi zilizopo ni 265/65R17 za kawaida. Kazi yake ni kutoka Arusha kupitia Mto wa Mbu, Engaruka na Ngare Sero mpaka Loliondo, kisha kurudi. Ukiacha lami, kuna vumbi, changarawe, majivu ya mlima wa volkano wa Lengai na yale mawe meusi yenye makali. Masika unaongezeka udongo mweusi unaonata. Mzigo ni watu wanne, maji, vifaa vya kupimia ardhi na jerikeni mbili za mafuta.

Kinachokufa ni ubavu. Meno yanakuwa bado marefu, lakini ubavu umechanika na hakuna fundi wa kuuziba. Dukani wanasema chukua plai 10 yenye meno makubwa, umemaliza. Je, ni kweli? Nichukue A/T (ya njia za kila aina) au M/T (ya matope)? Naweza kupanda hadi 265/70R17 bila kuinua gari? Na upepo niweke ngapi, maana kila mtu ana namba yake.

FundiRimu

Mkuu, umeshajua ugonjwa wenyewe uko ubavuni, kwa hiyo chagua ubavu kwanza, meno yafuate.

"Plai 10" siku hizi si idadi ya tabaka. Ni kipimo cha nguvu kilichorithiwa tangu enzi za tairi za nyuzi za pamba. Radial ya leo iliyoandikwa plai 10 inaweza kuwa na tabaka mbili tu za polyester ubavuni. Herufi C ni plai 6 na upepo wa juu kabisa ni psi 50, D ni plai 8 na psi 65, E ni plai 10 na psi 80. Herufi hizo zinakwambia tairi inajazwa mpaka wapi na inabeba kiasi gani. Sasa tazama gari lako: tairi yenye namba ya uzito 112 hubeba kilo 1,120, nne ni kilo 4,480, na Prado 150 iliyojaa kihalali haizidi tani tatu. Kubeba si tatizo lako hata kidogo. Kwa hiyo usilipie E ukidhani umenunua kinga ya mawe. E yenye ubavu wa tabaka mbili inaweza kuchanwa na jiwe lilelile lililokushinda sasa, na juu yake unapata gari gumu linalotikisa shokapu mpaka bushi zinalia.

Unachotafuta kimeandikwa kwa herufi ndogo karibu na rimu. Kuna sehemu mbili: moja inataja tabaka za uso wa tairi (mara nyingi polyester 2, chuma 2, naironi 1 au 2), nyingine inataja tabaka za ubavu. Hiyo ya ubavu ndiyo usome kwa tochi kabla hujatoa hela. Ikisema polyester 3, uko pazuri. Toyo Open Country M/T na Cooper Discoverer S/T Maxx ni mifano ya tairi za ubavu wa tabaka tatu. Halafu angalia kama kuna LT (tairi ya magari mepesi ya mizigo) mbele ya saizi. LT265/70R17 na 265/70R17 si tairi moja, hata kama jina na meno ni yaleyale. Yokohama Geolandar A/T G015, kwa mfano, hutengenezwa kwa aina zote mbili, na muuzaji anaweza kukupa ile nyepesi bila hata yeye kujua tofauti.

Usidanganyike na alama ya mlima wa vilele vitatu wenye theluji. Inahusu kushika kwenye theluji, haisemi lolote kuhusu mawe ya Engaruka.

Saizi: 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776, 265/70R17 ni milimita 803. Ekseli inapanda milimita 13 hivi, na dashibodi ikisoma 100 unakwenda karibu 103. Upana ni uleule, rimu yako ya inchi 7.5 inafaa, na kwa kawaida inaingia bila kuinua gari. Ila hakikisha mwenyewe: kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, tairi moja ya mbele ikiwa imepanda juu ya jiwe, na angalia plastiki ya nyuma ya tairi pamoja na kibao cha tope. Pakigusa ni kidogo, kibao kinasogezwa au kukatwa. 285/70R17 achana nayo, ina milimita 831 na itakudai springi mpya na kukata plastiki.

A/T au M/T? Kwa njia yako, A/T nzito, au zile za jamii ya kati kama hiyo S/T Maxx. M/T ina mapengo mapana, na kwenye mawe ya makali ncha ya jiwe inaingia kwenye pengo na kukutana na mwili wa tairi ambako mpira ni mwembamba. Kwenye lami yenye maji M/T inachelewa kusimama, na hilo kwa gari la tani mbili na zaidi si jambo la kupuuza. M/T inaishinda A/T kwenye udongo mweusi tu: A/T hujaa tope mapema, na ikishajaa ni kama umefunga tairi kipara. Kama masika yote unapita huko, fikiria M/T. Kama ni safari chache, beba koleo na mbao za kujinasua. Chochote utakachochukua, chagua yenye meno ya begani yanayoshuka ubavuni. Yale si mapambo, ndiyo yanayokutana na jiwe kabla ya ngozi ya ubavu.

Upepo, tairi zikiwa za baridi, kwa LT na mzigo wako: lami psi 36 mbele, 40 nyuma. Usifuate kibandiko cha mlangoni, kile ni cha tairi ya kawaida, na LT inahitaji upepo zaidi kubeba uzito uleule. Ukiiacha na 29 ya kibandiko ukakimbia lami, ubavu unajikunja kila mzunguko, unapata joto, tabaka zinaachana. Wala usijaze 80 kwa sababu imeandikwa, hicho ni kikomo cha tairi. Kwenye rafu rodi shusha kwa robo hivi, 26 au 27 mbele na 30 nyuma, mwendo usivuke 60. Kwenye majivu na mchanga laini 18, mwendo 30, bila kukata kona ghafla, la sivyo ukingo wa tairi utatoka kwenye rimu. Chini ya 15 usiende.

Namna ya kujua kama umepatia: pima asubuhi, endesha saa moja, pima tena. Ikipanda 4 hadi 6, sawa. Ikipanda zaidi, ulianza na upepo mdogo mno au unakimbia mno. Ikipanda chini ya 4, umejaza kupita kiasi. Na ikiwa ya moto usipunguze upepo ili "irudi" kwenye namba ya asubuhi. Ikipoa utakuwa chini bila kujua.

Chalbi_Kaskazini

Nakubaliana na FundiRimu karibu kote, ila kwenye mawe ya volkano namba zake za rafu rodi zisitumike hivyohivyo. Huku kwetu Kenya, kipande cha South Horr hadi Loiyangalani ni mawe ya aina hiyohiyo. Changarawe na mawe makubwa ni vitu viwili. Kwenye changarawe, kushusha upepo kunasaidia kwa sababu uso wa tairi unalikunjia jiwe dogo badala ya kutobolewa nalo. Kwenye mawe makubwa yaliyosimama, tairi iliyoshushwa sana inafura pembeni, ubavu unatokeza nje ya mstari wa meno, na sasa ndio unaokwaruza makali. Hapo rudisha 30 mbele na 34 nyuma, kisha ushuke hadi kilomita 15 au 20 kwa saa. Mwendo ndio unaookoa matairi kuliko hata psi.

Dereva naye ana kazi yake. Jiwe lipande kwa uso wa tairi, katikati ya meno. Kulikwepa kwa inchi mbili ndiko kunakolipitisha ubavuni. Na kumbuka tairi la nyuma halifuati njia ya la mbele kwenye kona, linakata ndani. Ndiyo maana matairi ya nyuma huchanika zaidi: yana mzigo mkubwa, dereva hayaoni, na la mbele huwa tayari limelichokora jiwe na kulisimamisha.

mpimaji_nyikani

Nashukuru sana wakuu, hapo kwenye tofauti ya changarawe na mawe nimepata kitu. Yamebaki mawili. Moja: magari mengi ya huko ni Hardtop zenye 7.50R16 za tyubu. Kwa nini nisihamie hizo? Pili: nimeona LT za mtumba, meno karibu yote yapo, bei chini ya nusu. Nichukue?

MitarimboMiwili

7.50R16 ni tairi nzuri, lakini kwa gari lako haiwezekani. Breki za mbele za Prado 150 zinataka rimu ya 17, ya 16 itagusa. Mahali pake ni Hardtop na pick-up za mkonga (bomba la kuvutia hewa juu). Faida yake kubwa si nguvu, ni kwamba fundi yeyote wa njiani mwenye mitarimbo miwili, nyundo na kiraka anaitengeneza kwa rimu ya ringi (ringi ya chuma inayotolewa ili tairi ivuke). Pia ni nyembamba, inakutana na mawe machache na inazama kwenye tope hadi ikute chini pagumu. Hasara yake ni kwamba tyubu ikipasuka upepo unaisha mara moja, na joto linapanda tyubu inapojisugua ndani. Anayezitumia asome hili: toa upepo wote kabla ya kugusa ringi, na wakati wa kujaza hakikisha ringi imekaa kwenye mfereji wake mzunguko mzima, kisha ilaze ikitazama chini. Ringi iliyoruka inaua mtu.

Mtumba: tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. 3118 maana yake wiki ya 31 ya mwaka 2018. Ikiwa imevuka miaka mitano au sita usiichukue, meno yawe marefu kiasi gani. Mpira unakauka, unaanza kupasuka kwenye mashina ya meno, na kwenye mawe unamomonyoka vipandevipande. Kisha ingiza mkono ndani, papasa mzunguko mzima. Ukikuta unga mweusi wa mpira, au mkanda uliokwaruzika ndani ya ubavu, tairi ile ilitembezwa bila upepo. Nyuzi zimeshachoka na haitakwambia lini itapasuka. Viraka karibu na bega, rudisha.

FundiRimu

Naongezea pancha na spea, maana ndiyo yatakayokukuta.

Kamba za kuziba pancha ni za uso wa tairi tu. Ubavu uliochanika hauzibwi kwa kudumu, asikudanganye mtu. Ukikwama mbali bila spea, pachika kamba kadhaa kwenye mpasuko mdogo, jaza 25 na utembee taratibu hadi pa kwanza penye msaada. Mpasuko mkubwa: vua tairi, weka kwa ndani kipande cha ubavu wa tairi kuukuu kilichokatwa kingo zake zikawa laini, pakaa poda, ingiza tyubu ya saizi hiyo. Ni ya kukufikisha tu, mwendo usizidi 40, kwa sababu mistari ya ndani ya tairi ya tyublesi (isiyotumia tyubu) inaisugua tyubu.

Kompresa ifunge moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwa inanguruma. Ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara itaunguza fyuzi, au itakuchosha kabla ya tairi ya pili. Geji nunua yako, usitegemee ya kituo cha mafuta.

Nunua tano zinazofanana, siyo nne. Prado nyingi za 150 zinaendesha tairi zote nne muda wote, na ukiweka spea ya milimita 776 kati ya tatu za 803, difu ya katikati inazunguka bila kupumzika mpaka ichemke. Ukifunga difu ya katikati ukiwa hivyo kwenye ardhi ngumu, ni hatari zaidi. Zungusha zote tano kila kilomita 8,000, spea iingie nyuma kulia, na baada ya kila kufungua kaza nati upya ukishatembea kilomita 50 hadi 100.

Kama spea yako inakaa chini ya gari, ishushe kabla hujanunua chochote. Mnyororo wake hushika kutu na vumbi la majivu ukagoma kushuka siku unayoihitaji, na tairi yenyewe hupigwa mawe huko chini kwa upande usiouona. Igeuze uangalie pande zote mbili, safisha mnyororo, paka grisi, na urudishe valvu ikitazama chini ili uweze kupima upepo bila kuishusha. Iweke 42, utapunguza ukishaifunga.