Sikukuu za mwaka mzima, kwenu ipi ndio mnaifanya kweli?

MamaWawili_Tanga

Heshima kwenu wakuu, naombeni mawazo. Baba yangu ni Mkristo wa Lushoto na mama ni Muislamu wa hapahapa Tanga mjini, kwa hiyo tangu utoto nyumbani kwetu sikukuu hazikuwahi kupungua, tulikula Krismasi tukala Pasaka tukala Idd zote mbili na Maulidi juu yake. Sasa nina nyumba yangu na watoto wadogo, na mume ambaye kwao sikukuu ni kuvaa vizuri, kwenda kanisani, kurudi kulala. Nataka watoto wangu wapate ile raha niliyoipata mimi ila mfuko hauruhusu kila sikukuu iwe pilau na nguo mpya, bei ya mchele mnaijua wenyewe.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni asubuhi ya Krismasi. Baba anakamata kuku anampeleka kwa mzee jirani yetu achinje yeye, maana nusu ya watakaokula siku ile ni Waislamu, ndugu za mama na majirani, na baba alikuwa hataki kabisa mtu aje kwake akae anaangalia wenzie wanakula. Mzee anatoka na kisu chake, anamlaza kuku kuelekea kibla, bismillahi, sisi watoto tumeshika mabawa na miguu. Mama huku jikoni anakaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia kabisa ndio pilau ipate rangi. Ikiiva tu sahani zinaanza kutoka zimefunikwa na kawa, na mpelekaji ni mimi. Ikifika Idd sahani zinakuja upande wetu. Na sahani ya mtu hairudi tupu, hata kama ndani utaweka ndimu mbili tu.

Sasa swali, kwa mwaka mzima ninyi mnachagua sikukuu ipi ya kuifanya kubwa? Na hizi nyingine mnazipitishaje zisiwe siku ya kulala na kuangalia tivii?

Mmachame_Original

Dada mimi kwangu hakuna mjadala, ni Desemba. Watu wanatuchekaga eti Wachaga tunaenda kuhesabiwa, waache waseme. Kuanzia Novemba mimi naweka pesa ya nauli pembeni na haiguswi hata mtoto akiumwa jino, maana ikifika katikati ya Desemba basi la Moshi kupata siti ni kazi, siku hizi afadhali kuna treni tangu ilivyorudi 2019 ila nayo inajaa.

Raha yangu inaanzia njiani. Ukishapita Segera unaanza kuona magari ya watu unaowajua, mkifika Same lile joto na upepo wake, halafu Mwanga, halafu kama hakuna mawingu mlima huo hapo. Nyumbani mama ameshaanza habari za mbege, ndizi zimeshaiva na kupikwa, ulezi umeshaoteshwa ukaanikwa ukasagwa, nyumba nzima inanukia. Tarehe 25 tunaenda ibada mapema, tukirudi mbuzi anachinjwa pale kihambani chini ya migomba. Hapo kila nyama ina mwenyewe, kuna ya babu, kuna ya mashangazi, kuna ya waliochinja, na wadogo wanafundishwa palepale nani anapewa nini na kwa nini. Mwanangu amezaliwa Dar, anakulia Dar, lakini ukimuuliza shangazi yake mkubwa ni nani hakosei, na amejifunzia hapo kwenye mbuzi.

Ushauri wangu kwako, chagua MOJA ambayo ndugu wote wanajua hiyo ni ya kwako, hata ikikukuta huna kitu wao watakuja na vitu. Hizi zingine pika wali maharage ule na wanao mtulie.

BintiMjiMkongwe

Kaka Mmachame nakuheshimu ila hapo kwenye moja tu sikubaliani nawe. Sisi Unguja Idd yenyewe siku nne, Idd Mosi mpaka Idd Nne, watoto kila jioni wanavaa wanakwenda kiwanjani, bembea, aiskrimu, midoli, urojo, na mkononi wana pesa zao za mkono wa Idd walizopewa na wajomba. Mtoto anakwenda nyumba hadi nyumba anatoa mkono anasema Idd Mubarak anapewa chochote, hata mia mbili, na anafurahi.

Lakini dada mimi ninachokipenda zaidi ni ule usiku wa kungojea mwezi. Hamjui kesho Idd au mnafunga, watu wako juu ya mapaa, wengine redio sikioni, simu zinalia, fulani kasema umeonekana Pemba, fulani kasema bado, jikoni mama kasimama hajui aanze boko boko, kile chakula cha Idd cha ngano na nyama, au atie daku. Likitoka tangazo mwezi umeandama takbiri zinaanza misikitini na mji mzima unafumka, madukani watu wanatafuta kofia na viatu vya watoto mpaka saa sita usiku, wanawake tuna hina mikononi, na aliyekuwa hajatoa zakatul fitri anakimbizana na pishi lake la mchele limfikie maskini kabla ya sala ya Idd. Ule usiku hauna gharama yoyote, na watoto wako Tanga wanaweza kuupata. Wapandishe juu ya ukuta waangalie mwezi. Na kwa vile Idd kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja hivi, watakuja kuikumbuka ya mvua za masika na ya kipupwe na ya jua kali, kila moja na habari zake.

Na usisahau Mwaka Kogwa kule Makunduchi, mwezi wa saba. Wanaume wanapigana kwa migomba kumaliza ugomvi wa mwaka, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba, halafu kila nyumba inataka mgeni. Hata humjui mtu unaitwa unakaa unakula. Panda boti uje mwaka mmoja.

Mwl_Mstaafu_Uyole

Wote mmesema vizuri ila naona mnazungumzia sikukuu za dini tu, na mwenye mada kauliza mwaka mzima. Mimi kwangu ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima, nasema kwa moyo wote. Hapa Mbeya viwanja vya John Mwakangale ni mwendo mfupi, na nimewapeleka wanangu, sasa nawapeleka wajukuu. Mwezi wa nane huku baridi inakata, mnavaa masweta, mnabeba chai kwenye chupa na viazi vya kuchemsha, kiingilio kidogo. Mtoto anaona mahindi ya mbegu tofauti yamepandwa mstari kwa mstari na vibao vyake, anaona ng'ombe wa maziwa mwenye kiwele mpaka chini, anaona samaki kwenye bwawa la turubai, anaona parachichi inavyobebeshwa kwenye mche mwingine, na mtaalamu amesimama hapo anamjibu mtoto wa darasa la tatu kama anavyomjibu mkulima wa heka hamsini. Mjukuu wangu aliuliza kwa nini sungura anatafuna muda wote, akaelezwa kuwa meno yake hayaachi kuota, mpaka leo anatusimulia sisi.

Kwenu Tanga mna Sabasaba tarehe 7 Julai, mwambie mtoto kwamba siku hiyo mwaka 1954 ndio kilizaliwa TANU, chama kilichodai uhuru. Tisa Desemba msimulie Nyirenda alivyopandisha mwenge na bendera juu ya Kilimanjaro usiku ule wa 1961. Oktoba 14 mweleze Mwalimu Nyerere alikuwa nani. Zote hizo ni bure na mtoto anatakiwa ajue kwa nini shule imefungwa.

Nesi_wa_Zamu

Mimi nachangia kidogo tu maana niko kazini. Hospitali haina sikukuu, ila wodini kwetu tuna utaratibu wetu, Krismasi na Pasaka zamu wanashika wenzetu Waislamu, Idd zote tunashika sisi, hakuna aliyetuandikia. Na Idd ya mwaka jana saa tano usiku mwenzangu akaja na hotpoti la biriani toka kwao kwa ajili yangu na mlinzi. Dada hizo sahani za mama yako usiziache.

Kijana_wa_Kongowea

Huku Mombasa nakuunga mkono BintiMji, Idd ndio yenyewe, ila nataka kuongeza jambo moja kwa Mwalimu. Kwetu Kenya sikukuu ya serikali ikiangukia Jumapili tunapumzika Jumatatu, kwa hivyo Madaraka au Mashujaa au Jamhuri ikikaa vizuri tunapata siku tatu, sisi familia yetu tunabeba sufuria tunaenda pwani na mabinamu wote, mikeka, mahamri na mbaazi, watoto wanaogelea hadi macho mekundu. Nyinyi ikiwaangukia Jumapili imeenda hivyohivyo. Hilo muwaambie wakubwa wenu walifikirie, ni haki ya watoto.

MamaWawili_Tanga

Jamani nimesoma yote nimempa na mume kasoma. Tumekubaliana hivi, Krismasi inabaki ya kwetu kubwa na mialiko, kuku anachinjwa na jirani kama kwa baba, na mume ndio atamshika. Idd tutakwenda kwa mama, usiku wa mwezi tunalala hukohuko. Sabasaba tutawapeleka watoto baharini Raskazone na mume amesema yeye ndio ataeleza hiyo habari ya TANU, Mwalimu ahsante sana. Mmachame na wewe hongera kwa huyo mtoto. Nesi sahani siachi.

BintiMji hiyo boko boko naijua kula tu, mama yangu hapiki. Ngano yake inakuwaje na inachukua muda gani?

BintiMjiMkongwe

Chukua ngano nzima ile iliyokobolewa, siyo unga, iroweke usiku kucha. Asubuhi ibandike na nyama ya ng'ombe au kuku, kipande cha mdalasini, chumvi, maji mengi, moto mdogo. Ni masaa, usiwe na haraka, ngano inatakiwa ipasuke na nyama iachane nyuzi nyuzi. Toa mifupa yote hata ile midogo halafu songa na mwiko mpaka ivutike, hapo muite mume maana mkono unachoka. Pakua kwenye sahani bapa, bonyeza katikati umwagie samli ya moto na vitunguu vya kukaanga. Pika nyingi, ya jirani uitoe kwanza kabla wenyewe hamjaanza.