Kwa nini zimamoto huizunguka nyumba kabla ya kumwaga maji?

Mkaazi wa Mkomani, Lamu:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Paa la makuti la jirani yangu lilishika moto baada ya swala ya alasiri, nasi tukapanga mstari wa ndoo kutoka kisimani. Vijana wa zimamoto walifika na pampu juu ya mkokoteni, kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari. Lakini kiongozi wao hakushika mpira wa maji hata kidogo, bali aliizunguka nyumba, akauliza maswali, kisha akaamuru maji yamwagwe juu ya paa la nyumba ya pili ambalo halikuwa likiungua. Watu walikasirika, nami nilikuwa miongoni mwao. Je, huo ndio utaratibu, au tulidharauliwa?

Zimamoto mstaafu, Malindi:
Wa alaykum salaam. Hamkudharauliwa, bwana. Afisa anayefika wa kwanza ndiye anayeshika amri mpaka aje aliye mkubwa kwake, na kazi yake ya mwanzo ni kuiona nyumba pande zote: moto uko wapi, moshi una rangi gani na unatoka kwa kasi gani, upepo unaelekea wapi, mitungi ya gesi imewekwa wapi, na, kuliko yote, kama kuna mtu ndani. Swali hilo la mwisho hujibiwa na majirani, na jirani mmoja anayejua hesabu ya watu wa nyumba hufaa kuliko kumi wanaopiga kelele. Hashiki mpira kwa sababu akishaushika ataona moto ulio mbele yake tu.

Ama kuhusu paa la pili, makuti makavu yakishashika huteketea kwa dakika chache, na vipande vyenye makaa huruka na upepo. Basi kamanda hulihesabu paa linaloungua kuwa limekwisha, akayapeleka maji yake machache kule upepo unakoelekea. Maji yasipotosha, makuti ya nyumba zinazofuata huvutwa chini kwa upembo, yaani mti mrefu wenye kulabu, ili moto ukose njia.

Wanaoingia ndani huingia wawili wawili, mitungi ya hewa mgongoni, na mtu wa mlangoni huandika jina la kila mmoja, saa aliyoingia na kiasi cha hewa alichonacho, kwa maana mtungi huo huweza usifikishe nusu saa kwa mtu anayefanya kazi nzito. Nanyi msiwafungulie milango na madirisha kwa nia ya kusaidia: moto uliokosa hewa chumbani ukiipata ghafla huweza kumlipukia usoni aliyefungua.

Fundi wa mtaa wa Langoni, Lamu:
Naongeza la nyumba zetu za mawe. Kuta za matumbawe na chokaa haziungui, na unene wake huwadanganya watu wakadhani nyumba nzima ni salama. Sakafu ya ghorofani imelala juu ya boriti za mikoko, na juu ya boriti hizo kuna mawe na chokaa nzito mno. Boriti zikiliwa na moto kwa chini, ambako ziko wazi, uzito wote huo huja juu ya waliomo. Vichochoro navyo havitapanuliwa, kwani mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ni vifaa vitakavyofuata mji.

Mkaazi wa Mkomani:
Nawashukuru. Limebaki moja: pampu ile ilinyonya kisimani mpaka kisima kikakauka. Kwa nini hawakuvuta baharini, ilhali bahari iko hatua chache?

Zimamoto mstaafu, Malindi:
Huvutwa, na baadaye pampu husafishwa kwa maji yasiyo ya chumvi kwa kuwa chumvi huila. Lakini bomba la kunyonyea ni gumu na fupi, na pampu hainyonyi maji yaliyo chini yake zaidi ya mita 7 au 8 hivi. Siku za bamvua, ambapo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakipwa, bahari husogea mbali na ukuta, na hapo pampu haina budi kushushwa tope­ni au kupakiwa mashuani. Siku ile maji yalikuwa yamejaa au yamepwa?

Mkaazi wa Mkomani:
Yalikuwa yamepwa. Mashua zote zilikuwa zimelala topeni.