Niliomba nibadilishiwe balbu mbili za redio, gereji ikanirudishia gari linalonuka kuungua

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira ambayo nimejaribu kuituliza kwa siku nne nikashindwa, na ninaandika kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe likisimuliwa kwa ufupi linaonekana dogo. Nina Toyota Carina Ti ya mwaka 1998 ambayo bado ina redio iliyotoka nayo kiwandani Japani, yenye sehemu ya kanda na sehemu ya CD. Redio hiyo haikuwa na ubovu wowote wa sauti. Kasoro yake ilikuwa moja tu: usiku, vitufe vya upande wa kushoto vilikuwa giza, nikawa napapasa kama mgeni anayetafuta swichi ya taa katika chumba cha kulala wageni.

Aliyewahi kuifungua redio ya aina hii anayajua maradhi hayo. Nyuma ya vitufe kuna balbu ndogo za uzi, kila moja haifiki hata wati 1, zimevalishwa vikofia vya mpira vya kijani ili mwanga wake ulingane na ule wa dashibodi. Baada ya miaka zaidi ya 25 balbu hizo hufa moja baada ya nyingine, kama ilivyo kawaida ya kila balbu yenye uzi. Unaitoa iliyokufa, unachomelea nyingine kwa risasi, unaivika kofia ileile, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

Nililipeleka gari kwenye gereji moja ya Ilala, jijini Dar es Salaam, ambayo siitaji jina kwa kuwa mgogoro wetu haujamalizika. Fundi umeme, kabla hata hajafungua skrubu moja, aliniambia, "Bosi, hizi redio za zamani bodi zake zimeshachoka, nikuwekee ya Android?" Nikamjibu kwamba sikuja kununua redio, nimekuja kubadilisha balbu mbili. Nililiacha gari asubuhi, nikalichukua karibu na magharibi, nikalipa shilingi 45,000. Vitufe vilikuwa vinawaka kweli, lakini vinawaka bluu kali ya duka la simu, ilhali dashibodi nzima ni ya kijani. Nilipouliza vikofia vya mpira viko wapi, niliambiwa vimetupwa, kwani taa za LED hazivihitaji, na kwamba bluu ndiyo ya kisasa. Nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu katika mkasa huu, na ninalikiri.

Usiku huohuo, nikirudi Kimara kwa Barabara ya Morogoro, nilipunguza mwanga wa dashibodi kama ninavyofanya siku zote ili usiniumize macho. Nilipozungusha tu kile kigurudumu kidogo, redio ikaanza kukabwa. Kila ngoma ilipopigwa, sauti ilikatika na uso wa redio ukafifia, kisha vyote vikarudi, kisha vikafifia tena. Nikiongeza mwanga wa dashibodi, redio inapona, nikiupunguza, inakabwa. Pamoja na hayo kulikuwa na mlio mwembamba ndani ya spika, ambao ulipanda nilipokanyaga mafuta na kushuka nilipoachia, jambo ambalo halikuwahi kuwepo tangu ninunue gari hili.

Nilipompigia simu, fundi alisema bila kusita kwamba mbaya ni kile kidude cha masafa. Kwa wasiokifahamu, redio za magari ya Japani za wakati ule zilitengenezwa kupokea FM ya kuanzia megahezi 76 hadi 90, kwa sababu juu ya hapo kwao palikuwa na matangazo ya televisheni ya analojia, ambayo walikuja kuyazima mwaka 2011. Sisi stesheni zetu nyingi ziko kati ya 90 na 108, ndiyo maana magari mengi yana kidude kilichounganishwa kwenye waya wa antena ili kuyashusha masafa hayo hadi pale redio inapoweza kuyafikia. Kesho yake alikichomoa. Kukabwa kulibaki vilevile, mlio ulibaki vilevile, na mimi nikapoteza karibu stesheni zote nilizokuwa nikizisikiliza. Kwa kukichomoa huko sikudaiwa kitu, na nadhani nilitakiwa kushukuru.

Siku ya tatu nilikuwa na safari ya Kibaha. Nilikuwa nimeuacha mwanga wa dashibodi juu kabisa ili redio isikabwe. Giza lilipoingia niliwasha taa, na baada ya muda gari lilipopita kwenye tuta dashibodi yote ikazimika, vitufe vya redio vikazimika pamoja nayo, ila taa kubwa za mbele zikaendelea kuwaka, hivyo sikutambua ukubwa wa jambo mpaka trafiki aliponisimamisha na kuniarifu kwamba nyuma ya gari langu hakuna taa hata moja. Nilitozwa faini ya shilingi 30,000, na kwa hilo simlaumu askari hata kidogo, kwa maana lori lililokuwa likija nyuma yangu lingeweza kunitoza zaidi ya hapo. Fyuzi iliyoandikwa TAIL, ambayo inalisha taa za nyuma, taa ya namba, mwanga wa dashibodi na mwanga wa vitufe vya redio kwa pamoja, ilikuwa imekatika.

Nilirudi gereji. Safari hii fundi mkuu hakuwepo, akanihudumia kijana anayejifunza. Alichomoa fyuzi, akaitazama, akairudisha, akaniambia, "Tayari, bosi." Taa ziliwaka. Nikiwa njiani nilishusha mwanga wa dashibodi kidogo, na kabla sijafika Ubungo nilianza kusikia harufu ya plastiki inayoungua ikitoka nyuma ya usukani. Nilizima taa, nikasimama pembeni, nikaichomoa fyuzi ile kwa mkono. Ilikuwa ni ileile iliyokatika. Miguu yake miwili ilikuwa imezungushiwa nyuzi za shaba zilizochunwa kwenye waya wa spika, zimesokotwa kwa ustadi kabisa, kama mtu anayefunga zawadi. Ninayo hapa mezani ninapoandika. Fyuzi iliwekwa ili ikatike yenyewe kabla waya haujaungua, na mtu anayeifunga kwa shaba amekwisha kuamua kwamba kitakachoungua ni waya wangu.

Hapo ndipo nilipomwendea mzee mmoja jirani yangu, fundi redio wa miaka mingi, ambaye sasa hatengenezi tena ila mita yake ya kupimia umeme bado anayo. Nilimwamkia, nikamweleza, akaniambia, "Mwanangu, usifungue kitu kwanza. Tupime." Neno hilo "tupime" sikuwa nimelisikia hata mara moja kwa siku zote tatu nilizozunguka gereji.

Tuliwasha redio kwa sauti ya wastani, akaweka ncha moja ya mita kwenye bati la redio na nyingine kwenye hasi ya betri. Akanieleza kwamba hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri, kwa sababu bati la redio na hasi ya betri vinapaswa kuwa kitu kimoja. Mwanga wa dashibodi ukiwa juu kabisa, mita ilisoma kama volti 0.2. Aliponiambia niupunguze kidogo, ikapanda hadi volti 2.4, na kila ngoma ilipopigwa namba zilirukaruka. Mzee alicheka kicheko kisicho cha furaha. Redio ilikuwa inapata hasi yake kupitia swichi ya kupunguza mwanga wa dashibodi.

Tulipoichomoa redio tuliona kilichofanyika. Plagi ya kiwandani ilikuwa imekatwa, eti imelegea, na waya zikaunganishwa kwa kusokotwa kwa vidole na kufungwa tepu ambayo kwa joto la Dar es Salaam ilikwisha kuyeyuka na kuwa gundi. Katika Toyota za miaka ile rangi za waya za redio hazina siri. Bluu yenye mstari wa njano ni chanya ya wakati wote, inayotunza saa na stesheni. Kijivu ni chanya inayokuja ufunguo ukigeuzwa. Kahawia ni hasi. Kijani ni chanya ya mwanga wa vitufe, inayokuja taa zikiwashwa. Na nyeupe yenye mstari wa kijani ni njia ya kurudi ya mwanga huo, ambayo hupita kwanza kwenye swichi ya kupunguza mwanga ndipo ifike kwenye bodi ya gari, yaani bati lake, lililoungwa na hasi ya betri. Mbili za mwanzo aliziunganisha sawasawa, nampa haki yake. Lakini hasi ya redio aliipeleka kwenye ile nyeupe yenye mstari wa kijani, na waya wa kahawia wa gari akauacha ukining'inia, umefungwa tepu kama kidole chenye jeraha.

Mzee alinieleza jinsi kosa hilo linavyozaliwa. Fundi anachukua taa ya kupimia, upande mmoja kwenye chanya, upande wa pili anagusa waya mmoja baada ya mwingine akitafuta hasi. Mwanga wa dashibodi ukiwa juu kabisa, ile nyeupe nayo inaiwasha taa vizuri tu, kwa sababu swichi haizuii chochote. Yeye akasimama kwenye waya wa kwanza uliowaka. Mchana, gereji, kila kitu kinafanya kazi, pesa inalipwa. Na kwa kuwa skrubu za kushikilia redio hazikurudishwa, njia nyingine pekee ya hasi ilikuwa waya wa antena, ambao kitako chake kina kutu, na ndiyo asili ya ule mlio uliopanda na injini.

Kuhusu fyuzi, mguu mmoja wa LED uliachwa wazi, ukawa unagusa bati la redio gari likiruka tuta. Mwanga wa dashibodi ukiwa juu, shoti hiyo ilipata njia nyeupe hadi kwenye bodi na fyuzi ikakatika. Fyuzi ilipofungwa shaba na mimi nikashusha mwanga, umeme wote huo ukapita ndani ya swichi ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya balbu chache za dashibodi. Tuliitoa. Upande mmoja wa plastiki yake umevimba na kubadilika rangi kuwa ya kahawa.

Nilimpelekea mwenye gereji swichi hiyo pamoja na fyuzi. Aliziangalia, akasema, "Kaka, redio za zamani zina mambo," kisha akaniuliza risiti, akijua vizuri kwamba hawatoi risiti. Nilimwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu wenye namba yake na saa ya muamala. Akasema atanipigia. Hajapiga. Ninachodai ni shilingi 45,000 zangu, swichi nyingine ya kupunguza mwanga, na kidude changu cha masafa, ambacho hadi leo kiko kwenye droo yake. Faini nimejilipia, sidai.

Mwenye kujua utaratibu wa kudai haki ya namna hii nikiwa na ujumbe wa simu pekee, naomba aniandikie hapa. Na kama kuna mwenye Carina Ti au Corolla ya miaka hiyo inayokatwa vipuri, ninahitaji plagi ya redio ya upande wa gari, ile ya tundu 10, ikiwa na waya zake zenye urefu wa angalau shubiri moja ili nipate pa kuchomelea. Balbu mbili mzee amenipatia kwenye redio mbovu aliyoiweka stoo. Vikofia vya kijani ndivyo bado tunavitafuta.