Fahirisi ya h ni 6, na usaili umepita

Wakuu, natafiti malaria kwa wajawazito, mwaka wa tisa sasa. Nina makala 14. Ile iliyonikesha wodini miezi kumi na minane imenukuliwa mara 3 tu! Kwenye usaili wa kupandishwa cheo waliuliza fahirisi ya h peke yake, yaani kile kipimo cha nukuu za makala za mtafiti. Inaniuma.

JIBU: Pole, mdogo wangu. h ya 6 ina maana makala zako 6 zimenukuliwa angalau mara 6 kila moja. Aliyeipendekeza mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch, mwenyewe alionya kuwa namba moja haimwelezi mtu. Halafu haishuki kamwe, kwa hiyo wazee tunabebwa na umri. Na kazi nzuri huchelewa kuzaa matunda: daktari mpasuaji Burkitt wa hospitali ya Mulago, Uganda, aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958. Mtafiti Epstein alimsikia akihutubia London 1961, na virusi vikaonekana kwenye seli za uvimbe huo 1964. Subira.

JIBU: Umeandika kwa jina lilelile siku zote? Majina yakitofautiana, nukuu hugawanyika.

MWULIZAJI: Shikamoo kaka, asante. Kweli, makala mbili nilitumia jina la babu. Naziunganisha leo usiku.