Mama kasafiri Houston, bima yake ya dawa imebaki Minnesota

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mwenye mzazi mzee hapa Marekani anayetumia bima ya dawa ya Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee), soma huu uzi kabla hujamkatia tiketi.

Mama yangu ana miaka 72. Kwa miaka 14 ameogesha na kulisha wazee wa watu kwenye nyumba za wazee hapa Minnesota, na kila mshahara wake ulikatwa asilimia 1.45 ya Medicare. Hakuna aliyempa hiyo kadi kwa huruma. Mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, kwa hiyo anatumia Eliquis, kidonge asubuhi na kidonge jioni, damu isigande. Karatasi ya dawa yenyewe inaonya kwamba ukiiacha kabla ya wakati unajiongezea hatari ya kiharusi. Hiyo si Panadol kwamba ikikosekana leo utameza kesho.

Februari dada yangu alijifungua Houston kwa kupasuliwa. Mama akaenda kumwangalia mzazi na mjukuu, kama mama yeyote wa kwetu. Alikuwa na vidonge vya siku 19 na alipanga kukaa mwezi na zaidi, hivyo nikaenda famasi kumchukulia nyongeza. Mfumo ukakataa, bado mapema. Nikapigia kampuni ya bima (jina naliacha). Aliyepokea akanihakikishia kwamba ameshaweka ruhusa ya safari, mama atachukua dawa hukohuko Texas kwenye famasi yoyote. Nikamshukuru kabisa! Nikakata simu nikiwa na amani.

Siku ya 18 ilikuwa Jumamosi. Vimebaki viwili. Shemeji anampeleka mama famasi ya karibu, anaambiwa haimo kwenye orodha ya bima yake. Inayotambulika iko mbali na imefungwa mpaka Jumatatu. Na ile ruhusa? Haionekani popote. Haikuwahi kuandikwa.

Nikapiga simu kutoka huku, wakasema hawawezi kuzungumza na mimi, wanamtaka mwenye kadi. Sawa, mama akapiga. Kiingereza chake kimemtosha kazini miaka yote hiyo, lakini kubishana na kampuni ya bima Jumamosi usiku huku moyo unamwenda mbio ni jambo jingine. Akaomba mkalimani wa Kiswahili, ambaye ni haki yake na halipiwi. Wakamweka kwenye muziki dakika 25, simu ikakatika. Akapiga tena bila mkalimani. Jibu alilopewa ni arudi Minnesota au aende chumba cha dharura. Mwanamke wa miaka 72, usiku, akapande ndege akafuate vidonge!

Shemeji akatoa kadi yake ya benki akalipa zaidi ya dola 500 kwa dozi ya mwezi mmoja. Nyumbani mama huchangia dola 47. Mama alilia, na hakuwa analilia hela. Aliniambia, "Mwanangu, nimekuwa mzigo kwa mkwe wangu." Hilo neno ndilo limenifanya niandike.

Sasa sikilizeni kinachoniuma kuliko vyote. Nilipotulia nikafungua kitabu cha bima yake, kile kinene kinachokuja kwa posta na hakuna anayekisoma. Imeandikwa mle wazi: mwanachama akisafiri ndani ya Marekani dawa ikamwishia, na hana namna ya kufika famasi iliyo kwenye orodha, anaweza kununua nje ya orodha, akalipa bei kamili, akatunza risiti na kudai arudishiwe. Hii ni taratibu ya Medicare yenyewe. Kwa hiyo wale watu wawili wa simu walikuwa wamekalia jibu, na hakuna aliyelitamka.

Tukajaza fomu ya madai. Kisheria wana siku 14 za kujibu. Wakajibu: yamekataliwa kwa sababu famasi haimo kwenye orodha. Jamani! Si ndiyo sababu yenyewe ya kujaza hiyo fomu? Nikakata rufaa, nikaambatanisha ukurasa wa kitabu chao nikiwa nimeupigia mstari. Ndipo wakarudisha dola 310. Inayobaki ni mchango wake wa kawaida na tofauti ya bei, nayo kanuni inawaruhusu kutuachia sisi.

Na hapo ni Texas tu. Kwa sisi wenye kwetu kwingine ni vibaya zaidi. Bima hii inafika Puerto Rico na Guam, visiwa vilivyo chini ya Marekani, lakini dawa iliyonunuliwa Dar, Nairobi au Bujumbura hailipii hata senti, iwe dharura au isiwe. Halafu ya mama ni ile ya Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, iliyofungwa kwenye kaunti anayoishi. Akikaa nje ya eneo hilo zaidi ya miezi sita mfululizo wanaweza kumwondoa kwenye bima. Mzee wa Kichaga aliyekwenda kwao kujengea kaburi la mumewe, akakaa na ndugu mpaka masika yaishe, anarudi hana bima hiyo. Nani alimweleza hivyo siku anamwekea fomu mbele atie sahihi? Yule wakala wa bima aliyemsajili mama alizungumzia miwani na meno ya bure tu.

Dirisha la kubadili linafunguliwa tena 15 Oktoba hadi 7 Desemba. Nataka kumrudisha Medicare ya kawaida, aongezewe bima ya dawa ya pekee yenye orodha ya famasi nchi nzima. Lakini mama anataka Krismasi awe Moshi, akae miezi mitatu.

Kwa hiyo nawauliza waliowahi kufanikiwa: mlipataje dawa za siku 90 kwa mkupuo kabla ya safari? Aliyefungua njia ni daktari, famasi au bima? Na mlipewa ruhusa hiyo kwa maandishi? Maana ya mdomoni nimeshaiona. Safari hii mama hatoki mlangoni mpaka nivihesabu vidonge mwenyewe mezani.