MREJESHO: Tetea wangu wa Brahma aliyekuwa akivunja mayai

Habari zenu wakuu. Niliuliza kuhusu tetea wangu wa Brahma (aina ya kuku wakubwa wenye manyoya hadi vidoleni) anayevunja mayai akiatamia, mkaniambia nipunguze mayai na nishushe kiota. Nimerudi.

Nilimwachia mayai 8 badala ya 13, kiota nikakiweka chini kabisa na kukijaza majani makavu. Siku ya 21 wakatoka vifaranga 6. Mmoja nilimkuta asubuhi amelaliwa. Mama ana kilo 4, akikaa vibaya ndiyo basi tena. Waliobaki 5 wako fiti, sasa wana wiki 7.

Kilichonitesa ni miguu. Manyoya ya vidoleni yanabeba tope na kinyesi, yakikauka yanakuwa kama saruji. Mwanzoni niliyabandua kwa mkono, damu ikatoka, msirudie ujinga wangu! Sasa naloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu, naukausha vizuri, na maranda nabadilisha kabla hayajalowa.

Majogoo bado sina uhakika, ingawa mmoja upanga wa kichwani umeanza kuwa mwekundu. Na yule aliyesema watataga na miezi 5, mkuu, hawa hukua taratibu. Mama yao alianza na miezi 7.