Aliyenyimwa pesa za ulemavu akakata rufaa, ale nini akingoja?

Bin Mkomani
Assalamu alaikum. Nina suala, tujadili kwa adabu. Mtu mwenye ulemavu mkubwa akiingia Inua Jamii, ule mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa wasiojiweza, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na aghlabu mlezi wake ndiye humpokelea. Akikataliwa, aweza kulalamika kesi yake itazamwe tena. Lakini hapo katikati hapati hata ndururu. Rai yangu: alipwe angalau nusu mpaka jibu la mwisho litoke, na akishindwa asidaiwe. Mwaonaje?

Nahodha wa Mokowe
Wa alaikum salaam. Siungi mkono. Mlipe kila anayekata rufaa, kesho Lamu nzima itakata rufaa, vijana wazima waje na magongo. Na kusema kweli, zamani mgonjwa wetu hakungojea afisi, jamaa ndio walomlisha. Siku hizi tumewatupa watu wetu tukaigeukia serikali.

Mama wa Faza
Nahodha, nani alokwambia nimemtupa wangu? Mwanangu ni mtu mzima, hageuki kitandani bila mimi. Siku ya kumpeleka kwa uchunguzi tulitoka Faza na boti ya alfajiri. Tulipofika maji yamekupwa, boti haikukaribia ngazi. Babake alimbeba mgongoni akashuka naye kwenye tope mpaka magotini, nami nyuma na fomu ndani ya mfuko wa nailoni isirowe. Kufika, daktari wa kutia sahihi hayuko, tukarudi, tukaenda tena. Mwisho tukaambiwa kwa mdomo tu kuwa hakufaulu. Tumekata rufaa. Nepi zake nakopa dukani, na mwenye duka ameanza kufunga daftari akiniona. Hayo magongo yako wayaona wapi?

Nahodha wa Mokowe
Pole sana dadangu, Mungu amfanyie wepesi. Sikukusema wewe. Nasema wale wadanganyifu.

Mama wa Faza
Wadanganyifu wako hawakubebwa kwenye tope.

Kijana wa Langoni
Mwazungumza jamaa, jamaa. Jamaa wenyewe ni wavuvi! Matajiri wetu je? Kila Ramadhani foleni ya wanawake mlangoni, kila mmoja apewa noti mbili za mia, na hiyo ndiyo zaka. Mwezi ukiandama, hakuna amjuaye. Ikusanywe mahali pamoja, mtu kama mwana wa Mama wa Faza alipwe kila mwezi mpaka rufaa yake iishe. Hapo hatuna haja ya kumngojea mtu Nairobi.

Nahodha wa Mokowe
Usiwadharau wanaotoa. Hizo mia mbili zimepika futari katika nyumba nyingi. Wewe umetoa ngapi?

Kijana wa Langoni
Nilichotoa ni baina yangu na Mola wangu. Nimeuliza mpango uko wapi, sikuuliza nani mkarimu.

Mwalimu wa Madrasa, Shela
Tusigombane. Zaka ina mafungu manane, yametajwa katika Sura Tawba aya ya 60. Mafakiri na maskini wamo, na wenye madeni wamo. Kwa hiyo mama huyu na deni lake la dukani hana haja ya kuona haya. Ila baba hawezi kumpa mwanawe zaka yake akamhesabu katika fungu la mafakiri, maana kumlisha ni wajibu juu yake tayari.

Kijana wa Langoni
Na ami yake, Mwalimu?

Mwalimu wa Madrasa, Shela
Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ami aweza. Tena atapata thawabu ya zaka na ya kuunga udugu.

Mshela wa Leicester
Jamani, huku Uingereza mtu akikata rufaa hulipwa akingoja. Kwetu mambo ni ya kubahatisha tu.

Binti wa Malindi
Kaka, usitufanye huko ni peponi. Inategemea ni posho gani. Ile ya ESA, ya asiyeweza kufanya kazi, ndiyo hulipwa kwa kiwango cha chini rufaa ikiwa mahakamani. PIP, ile posho ya ulemavu, ukinyimwa hupati kitu mpaka ushinde, ndipo ulipwe ya nyuma. Na hata hiyo ESA, tangu 2013 watu walilazimishwa kwanza kuirudia idara ile ile iliyowakataa, na muda huo walikuwa hawalipwi. Mpaka 2020 ndipo Mahakama Kuu ikasema kuwafanyia hivyo ni kinyume cha sheria.

Turudi kwetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(3), inaitaka serikali imsaidie asiyeweza kujikimu. Haikusema isipokuwa akiwa kwenye rufaa. Na Mama wa Faza, kifungu cha 47 chakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Iko na sheria yake ya 2015. Andika barua uzidai, uweke nakala yenye muhuri wao. Bila sababu, hujui wapinga nini.

Mshela wa Leicester
Mimi nimesema nilichokiona kwa jirani yangu. Hukai huku wewe.

Binti wa Malindi
Jirani yako yuko kwenye ESA. Muulize.

Bin Mkomani
Ahsante Binti. Jamani, suala langu lilikuwa serikali ilipe nusu au isilipe. Nahodha, bado wapinga?

Nahodha wa Mokowe
Kwa kesi kama hii ya Faza, alipwe. Daktari akisharudia uchunguzi na afisi ikachelewa, kosa si la mgonjwa. Lakini hili la kukusanya zaka pamoja sikubali mpaka nijue daftari atashika nani. Kamati za misikiti yetu twazijua.

Kijana wa Langoni
Wazijua vipi? Taja.

Mwalimu wa Madrasa, Shela
Usitaje mtu hapa. Mama wa Faza, hiyo barua nitakuandikia mimi. Na lile deni, mwambie mwenye duka aje tuonane baada ya Ijumaa.

Kijana wa Langoni
Sawa Mwalimu. Lakini Nahodha bado hajanijibu.